MOYO ULIOPOTEZA MWENDO: SOMO JUU YA MPAPATIKO WA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku moja hutimiza mapigo yapatayo 100,000, na mwenyewe aghalabu hana habari nayo. Habari huja pale mwendo huo unapoharibika: moyo huenda mbio bila ya sababu, hupapatika kifuani kama samaki aliyetolewa majini, au hukosa pigo moja na kisha kupiga pigo zito. Kisiwani Pemba, kama katika sehemu nyingine za pwani, watu huieleza hali hiyo kwa njia nyingi. Wapo wanaosema ni hofu, wapo wanaosema ni uchovu wa kazi, na wapo wanaosema mtu amepitiwa na upepo.

Mara nyingi mabadiliko hayo hayana madhara. Lakini ipo aina moja isiyofaa kupuuzwa, kwa kuwa inaweza kumletea mtu kiharusi ilhali hajawahi kulalamika hata siku moja. Aina hiyo ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Somo hili linaeleza jinsi mpapatiko huo unavyotokea, kwa nini una hatari, na namna mtu yeyote mwenye vidole vitatu na saa anavyoweza kuushuku kabla haujaleta maafa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Pemba, kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ambacho wakazi wake wanaohitaji matibabu makubwa ya moyo hulazimika kuvuka bahari.

MOYO NA UMEME WAKE

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne. Viwili vya juu, viitwavyo aurikali, hupokea damu: cha kulia kutoka mwilini, na cha kushoto kutoka mapafuni. Viwili vya chini, viitwavyo ventrikali, huisukuma damu hiyo: cha kulia kwenda mapafuni, na cha kushoto kwenda mwili mzima. Baina ya kila chumba cha juu na cha chini upo mlango mwembamba, yaani vali, unaopitisha damu upande mmoja tu.

Ili pampu hii ifanye kazi vyema, vyumba vya juu na vya chini sharti vipokezane. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja wanaijua siri hiyo: mchi mmoja hushuka wakati wa pili unapopanda, na wakipotezana michi hugongana. Moyoni nako aurikali hubana kwanza ili zimalizie kuzijaza ventrikali. Kisha ventrikali hubana na kuirusha damu. Pigo linalosikika mkononi ni kazi ya ventrikali ya kushoto.

Mdundo wa kazi hiyo hutolewa na kituo kidogo cha chembe maalumu kilichomo katika ukuta wa aurikali ya kulia. Kiligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack. Kituo hicho huzalisha umeme mdogo sana ambao huenea katika aurikali zote mbili, kisha hufika katika kituo cha pili kilicho mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Hapo umeme hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kusudi aurikali zimalize kazi yake, ndipo uruhusiwe kushuka kwenye ventrikali. Kituo hicho cha pili hufanya kazi ya bawabu mlangoni, na kazi yake itaonekana umuhimu wake hapa chini.

MPAPATIKO NI NINI

Katika ngoma ya msewe, wachezaji hufunga misewe miguuni, na safu nzima ikikanyaga pamoja sauti husikika kama ya mguu mmoja. Iwapo kila mchezaji ataacha kumsikiliza mpigaji na kukanyaga kwa wakati wake mwenyewe, misewe italia mfululizo, lakini ngoma haitakuwapo tena. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika mpapatiko. Kituo cha kwanza hakitiiwi tena. Mawimbi madogo ya umeme huzunguka ovyo katika kuta za aurikali, kiasi cha mara 350 hadi 600 kwa dakika. Kuta hizo haziwezi kubana kwa kasi hiyo, hivyo hubaki zikitetemeka tu.

Lau mawimbi yote hayo yangefika kwenye ventrikali, mtu angekufa papo hapo. Bawabu ndiye anayeokoa maisha, kwa kuwa huyazuia mengi na kuyapitisha machache. Lakini huyapitisha bila mpango wowote: mawili yaliyofuatana upesi, kisha kimya, kisha moja, kisha matatu. Kwa mgonjwa asiyetibiwa ventrikali hupiga aghalabu baina ya mara 100 na 160 kwa dakika, na hakuna pigo linalofuata jingine kwa kipimo kilekile cha muda.

Waganga wa kale waliitambua hali hii kwa vidole tu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwa urefu juu ya mshipa, na aliutenga mwendo mbaya wenye utaratibu na mwendo mbaya usio na utaratibu wowote. Sababu yake ilijulikana baada ya Willem Einthoven wa Uholanzi kutengeneza chombo cha kuchora umeme wa moyo, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa chombo hicho Thomas Lewis wa London alionyesha mwaka 1909 kwamba mshipa usio na mpango hutokana na mpapatiko wa aurikali.

KWA NINI MPAPATIKO HULETA KIHARUSI

Madhara ya mpapatiko ni ya namna mbili. Kwanza, moyo hupungukiwa nguvu. Aurikali zilizokwisha kushindwa kubana hazimalizii tena kuzijaza ventrikali, na ventrikali zinazokwenda mbio hazipati nafasi ya kujaa. Mtu huchoka upesi, hupata kizunguzungu, hukosa pumzi anapopanda kilima au anapolala chali, na baadaye miguu yake huvimba.

Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, damu hutuama. Aurikali ya kushoto ina kifuko kidogo pembeni mwake, na damu isiyosukumwa hukaa humo kama maji katika pembe ya mtaro. Damu ikitulia huganda, na donge likifanyika linaweza kung'oka wakati wowote. Likitoka hapo hupita katika ventrikali ya kushoto, huingia katika mshipa mkuu, na aghalabu hupanda kichwani. Huko huziba ateri inayolisha sehemu ya ubongo, na sehemu hiyo hufa kwa kukosa damu. Hicho ndicho kiharusi: mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, mdomo huenda upande, na maneno hupotea.

Ukubwa wa hatari hiyo ulipimwa na watafiti waliowafuatilia kwa miaka mingi wakazi wa mji wa Framingham nchini Marekani. Mwaka 1978 walitangaza kwamba mpapatiko usiohusiana na ugonjwa wa vali huongeza uwezekano wa kupata kiharusi kiasi cha mara tano. Mpapatiko uliotokana na vali kuharibiwa na homa ya baridi yabisi huuongeza kiasi cha mara kumi na saba. Tofauti hii kati ya tano na kumi na saba ina maana kubwa kwa watu wa Afrika ya Mashariki.

CHANZO CHAKE KATIKA NCHI ZETU NA KWINGINEKO

Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini mpapatiko ni ugonjwa wa uzee hasa. Huwapata watu waliokaa miaka mingi na shinikizo la damu, unene uliozidi au ugonjwa wa ateri za moyo. Kwa Tanzania picha ni nyingine. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2012, uliwapima wazee zaidi ya 2,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea; waliokutwa na mpapatiko hawakufikia mmoja katika kila mia.

Hata hivyo, wagonjwa wa mpapatiko wanaofika hospitalini barani Afrika ni vijana zaidi. Rejesta moja ya kimataifa iliyokusanya habari za wagonjwa zaidi ya 15,000 kutoka nchi 47 ilionyesha kwamba wale wa Afrika walikuwa na umri mdogo kuliko wa Amerika ya Kaskazini kwa miaka kumi au zaidi. Ilionyesha pia kwamba wagonjwa 22 hivi katika kila 100 wa Afrika walikuwa na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, wakati Amerika ya Kaskazini walikuwa 2 tu katika kila 100.

Homa hiyo huanza kwa jambo dogo. Mtoto hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria waitwao streptokoki. Asipotibiwa, baada ya wiki mbili au zaidi anaweza kupata homa, na viungo vyake vikubwa, kama magoti na vifundo vya miguu, huvimba kimoja baada ya kingine. Askari wa mwili waliokusudiwa kuwaua bakteria huishambulia pia vali ya moyo. Mtoto hupona na watu husahau. Lakini homa ikirudia, vali hupata makovu, hunenepa na kuwa nyembamba katika tundu lake. Damu husongamana katika aurikali ya kushoto, aurikali hutanuka mwaka hadi mwaka, na siku moja, mtu akiwa na miaka 25 au 40, huanza kupapatika.

Visababishi vingine ni shinikizo la damu, udhaifu wa misuli ya moyo, ulevi, na tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi.

KUPIMA MSHIPA KWA VIDOLE

Kipimo cha kwanza hakihitaji hospitali. Mtu apumzike kwa dakika tano, akae na kuugeuza mkono wake kiganja kikielekea juu. Mpimaji aweke vidole vitatu vya kati, asitumie gumba, chini ya shina la gumba la mpimwaji, pale mshipa unaposikika. Ahesabu kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Kuhesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne hakutoshi hapa, kwa sababu kinachotafutwa ni mpangilio wa mapigo pamoja na idadi yake. Mpimaji atakuta moja kati ya hali hizi:

(a) Mapigo yanafuatana sawasawa. Yakiwa ya kasi baada ya kazi, hofu au homa, hilo ni la kawaida.

(b) Mapigo yanaongezeka mtu anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Hali hii ni ya kawaida kwa watoto na vijana.

(c) Mapigo yanafuatana sawa, ila mara mojamoja moja hukosekana na linalofuata huwa zito. Hili hutokea kwa watu wengi wenye afya. Likizidi, au likiambatana na kizunguzungu au kuzimia, daktari aonwe.

(d) Mapigo hayana mpango wowote, mengine yenye nguvu na mengine hafifu, na mpimaji hawezi kabisa kukisia lini pigo lijalo litakuja. Hapo mpapatiko ushukiwe.

Mwenye shaka aweke sikio kifuani na kuhesabu tena. Katika mpapatiko, mapigo ya kifuani aghalabu huwa mengi kuliko ya mkononi, kwa kuwa ventrikali nyingine hubana kabla hazijajaa, na damu inayotoka haitoshi kufika mkononi kwa nguvu.

Vidole hushuku tu. Uthibitisho hutolewa na mashine ya kuchora umeme wa moyo, iitwayo ECG hospitalini. Waya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mchoro hutokea katika karatasi inayokwenda milimita 25 kwa sekunde. Kipimo hakiumi wala hakitii umeme mwilini. Katika mpapatiko, kile kilima kidogo kinachotangulia kila pigo, ambacho ni alama ya aurikali kubana, hakionekani, na nafasi baina ya pigo na pigo hazilingani. Baadaye hupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ili kujua hali ya vali.

MATIBABU

Matibabu yana shabaha nne. Ya kwanza ni kupunguza kasi ya ventrikali kwa dawa kama atenololi, metoprololi au digoksini, ambazo humwongezea bawabu ukali. Ya pili, kwa baadhi ya wagonjwa, ni kuurudisha mwendo wa asili kwa dawa au kwa kuushtua moyo kwa umeme hospitalini. Ya tatu ni kutibu chanzo, ikiwa ni pamoja na kuipanua au kuibadilisha vali iliyoharibika. Kwa kazi ya namna hii wagonjwa wa Tanzania hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ya nne, ambayo ndiyo inayozuia kiharusi, ni kuifanya damu isigande upesi.

Dawa ya zamani ya kazi hiyo ni warfarini, iliyoruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Ikipungua haisaidii, ikizidi mtu hutokwa na damu. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa hupata karibu na 1. Mgonjwa wa mpapatiko hutakiwa awe baina ya 2 na 3. Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, na zimewafaa watu wengi wasio na ugonjwa wa vali. Ilitumainiwa kwamba zingewafaa pia wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Lakini utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia moja ya dawa hizo mpya, iitwayo rivaroksabani. Basi mgonjwa huyu hana budi kuendelea na dawa inayodai kupimwa damu.

MGONJWA WA PEMBA NA DAWA YAKE

Chukulia mfano wa mama wa miaka 34 anayeishi katika kisiwa kidogo cha Kojani, mwenye vali nyembamba na mpapatiko. Ili apimwe damu hupanda mashua, kisha gari hadi hospitali. Mwanzoni hutakiwa kufanya hivyo kila baada ya siku chache, na baadaye kila mwezi. Nauli, bahari chafu na kazi za nyumbani humshawishi aruke safari. Lakini safari iliyorukwa ni mwezi mzima asiojua kama dawa imepungua au imezidi. Familia inayomchangia nauli humkinga na kiharusi sawa na dawa yenyewe.

Mambo haya yanamhusu mgonjwa wa namna hiyo:

Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K kwa wingi, ambayo hupingana na warfarini. Asiache kuvila, ila ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki.

Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila cheti, huongeza hatari ya kutokwa na damu. Mafuta ya karafuu nayo yana kemikali iitwayo yujenoli inayopunguza kuganda kwa damu. Karafuu za kutia katika pilau hazina neno, lakini kunywa mafuta yake kama dawa kuepukwe.

Anayetumia warfarini asipande mkarafuu. Kuanguka kunakomwacha mwingine na uvimbe kunaweza kumletea yeye damu ndani ya kichwa. Wakati wa msimu apewe kazi ya kuchambua au kuanika.

Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetaka kuzaa amwone daktari kabla hajashika mimba, na akishashika aende mara moja bila ya kujiachisha dawa mwenyewe.

Warfarini hunywewa mara moja kwa siku, na kwa hiyo katika mwezi wa Ramadhani inaweza kunywewa baada ya futari. Hata hivyo, kama moyo unaruhusu kufunga ni jambo la kuulizwa daktari mapema.

KINGA NA TAHADHARI

Kinga kubwa kuliko zote ni ya mtoto. Maumivu ya koo yenye homa yapelekwe kituo cha afya, na penisilini imalizwe kama ilivyoandikwa. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hupaswa kuchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, hata akiwa mzima. Kwa watu wazima, shinikizo la damu lipimwe na litibiwe, na chumvi ipunguzwe, ikiwamo ile ya papa na samaki wengine wakavu.

Mtu akilegea upande mmoja ghafla, akienda mdomo upande au akipoteza maneno, apelekwe hospitali saa ileile, iwe ya Chake Chake, Wete, Micheweni au ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani. Dua haizuiliwi na hospitali. Kinachozuiliwa ni kumweka nyumbani siku tatu akipungwa au akichuliwa huku ubongo unaharibika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mshipa uhesabiwe kwa dakika nzima panaposhukiwa mpapatiko?

2. Eleza kazi ya kituo cha pili cha umeme wa moyo, na namna kinavyookoa maisha ya mgonjwa wa mpapatiko.

3. Donge linalofanyika katika aurikali ya kushoto hupita wapi hadi kufika ubongoni?

4. Maumivu ya koo ya mtoto yana uhusiano gani na kiharusi cha mtu mzima?

5. Pima mshipa wa kila mtu mzima wa nyumbani kwako. Je, wapo wenye hali (d)? Ikiwa wapo, waende kupimwa umeme wa moyo kabla ya wiki hii kwisha.